Gia Kunasa: Historia ya Umbali kati ya Mkono wa Gia na Giaboksi

Gia hunasa pale inapoingia na kukataa kutoka: dereva anakanyaga klachi, anausukuma mkono wa gia, na giaboksi haiachii. Tatizo hili lina umri sawa na giaboksi yenyewe, ila chanzo chake kimehama mara kadhaa. Katika magari ya mwanzo lilikuwa la meno ya gia. Kadiri wabunifu walivyousogeza mkono wa gia mbali na giaboksi, ndivyo lilivyozidi kuwa la rodi, bushi na kebo zinazoviunganisha viwili hivyo.

Mwaka 1891 kampuni ya Panhard et Levassor ya Paris ilianza kuunda magari kwa mpangilio ulioigwa duniani kote baadaye: injini mbele, klachi nyuma yake, kisha gia. Gia hizo zilitelezeshwa juu ya shafti mpaka meno ya moja yaingiane na ya nyingine. Klachi ikikosewa kidogo, meno yalisagana kwa kelele. Mkono wa gia ulikwenda katika mstari mmoja tu, kwa hiyo aliyetaka kutoka gia ya tatu kwenda ya kwanza hakuwa na budi kupitia ya pili. Kila kosa liliacha alama kwenye ncha za meno, na meno yaliyolika yalifanya gia iingie kwa shida na itoke kwa shida zaidi. Fundi hakuwa na pengine pa kutafuta ila kwenye gia zenyewe.

Gari la Mercedes la mwaka 1901, lililobuniwa na Wilhelm Maybach katika kampuni ya Daimler, lilileta njia za gia zilizotenganishwa, ambazo ndizo msingi wa umbo la H linalochorwa mpaka leo juu ya kirungu cha mkono wa gia. Katika mfumo huo kila njia ina rodi yake ndani ya giaboksi, na kila rodi imebeba uma unaoisukuma gia. Faida ni kwamba dereva anachagua gia anayoitaka bila kupitia nyingine. Hatari ni kwamba rodi mbili zikisogea pamoja, gia mbili zitaingia kwa wakati mmoja; na kwa kuwa shafti moja haiwezi kuzunguka kwa kasi mbili, giaboksi nzima inajifunga. Ndiyo maana huwekwa pini au gololi kati ya rodi: moja ikitoka nyutro, pini inasukumwa kwenye pengo la jirani yake na kuizuia. Gololi nyingine zenye springi huishika gia mahali pake isiruke.

Kwa muda mfupi mambo yalikuwa mepesi. Katika Ford Model A, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1927, mkono wa gia ulisimama juu ya mfuniko wa giaboksi na ncha yake ya chini ikagusa moja kwa moja vifaa vya kuchagulia gia. Mwaka uliofuata Cadillac ilianza kutumia sinkronaiza, inayosawazisha kasi kabla meno hayajakutana, na usagaji wa meno ukapungua sana.

Kisha mkono wa gia ukahamia kwenye usukani. Cadillac ilifanya hivyo kwa magari ya mwaka 1938, na miaka miwili baadaye karibu kampuni zote za Marekani zilikuwa zimefuata. Sababu ilikuwa nafasi: sakafu ikiwa wazi, watu watatu walikaa mbele kwenye kiti kimoja kirefu. Gharama yake ilikuwa mlolongo mrefu wa viungo. Mkono uligeuza bomba lililosimama sambamba na usukani. Chini ya bomba kulikuwa na mikono midogo miwili, mmoja wa gia ya kwanza na rivasi, mwingine wa ya pili na ya tatu. Kutoka hapo rodi mbili zilishuka hadi ubavuni mwa giaboksi. Dereva alipoinua au kushusha mkono wa gia, pini ilihama kutoka mkono mdogo mmoja kwenda mwingine.

Uhamisho huo uliwezekana pale tu mikono midogo yote miwili ilipolingana sawasawa ikiwa nyutro. Bushi zikilika, mmoja ulibaki nyuma kidogo, pini ikakwama katikati, na gari likanasa kwenye gia. Madereva walizoea kufungua boneti na kuirudisha mikono hiyo nyutro kwa vidole, kisha safari ikaendelea. Marekebisho ya kudumu yalihitaji kuweka gia zote nyutro, kupitisha kipande cha chuma kwenye matundu ya mikono hiyo ili ishikane, na kurekebisha urefu wa rodi mpaka ziingie mahali pake bila kulazimishwa. Mfumo wa gia za usukani ulifika Afrika Mashariki pia: Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland wa Tanzania alishinda nalo Safari Rally mwaka 1966 na 1967, lilikuwa na mkono wa gia ubavuni mwa usukani.

Kwenye Volkswagen yenye injini nyuma, umbali ulikuwa mkubwa zaidi. Rodi moja ilipita ndani ya handaki la sakafu kutoka mbele ya dereva hadi kwenye kiungio kilicho karibu na kiti cha nyuma. Boliti ya kiungio hicho ikilegea, mkono wa gia unacheza huku na huku na gia inabaki ilipo.

Baadhi ya magari ya Marekani ya miaka ya 1960 yaliurudisha mkono wa gia sakafuni, lakini rodi hazikuondoka. Giaboksi ya Muncie ya gia nne, iliyotumiwa na General Motors tangu mwaka 1963, ina vishikizo viwili vya gia za mbele kwenye mfuniko wa ubavuni, na cha rivasi peke yake kwenye mkia. Kizuizi cha ndani kinatenganisha gia za mbele tu. Rivasi inalindwa na mkono wa gia wenyewe. Rodi zikifunguliwa kwa matengenezo, mtu anaweza kuiingiza rivasi wakati gia ya mbele bado imo, na magurudumu yakajifunga. Ufumbuzi ni kurudisha kila kishikizo nyutro kimoja kimoja kabla ya kufunga rodi yoyote.

Magari yenye injini ya kulala kwa upana, yaliyoenea baada ya Volkswagen Golf ya mwaka 1974, yalileta ugumu mwingine: injini hutikisika juu ya mipira yake na kuzivuta rodi. Watengenezaji wengi waligeukia kebo mbili, moja ya kuchagua njia na nyingine ya kuingiza gia. Kebo haihamishi mtikisiko mwingi, na ilifaa pia malori ambayo kabini yake huinuliwa mbele huku giaboksi ikibaki kwenye chesi. Udhaifu wake uko kwenye ncha za plastiki zinazochomoka na ala inayoingia kutu.

Kutokana na historia hiyo, uchunguzi wa gia iliyonasa huanzia nje kwenda ndani. Kwanza huhakikishwa kwamba klachi inaachia. Pili, gari lililoegeshwa mlimani likiwa kwenye gia hutikiswa mbele na nyuma, kwa kuwa uzito wake huyabana meno. Tatu, rodi au kebo hufunguliwa na kishikizo cha giaboksi kusukumwa kwa mkono: kikienda, kosa liko kwenye viungo vya nje, kikigoma, ndipo giaboksi hushushwa na uma, gololi na sinkronaiza kukaguliwa.