Bevvy, yaani kinywaji

Bevvy ni neno la mitaani la Glasgow na Liverpool, miji miwili ya bandari, kwa kinywaji chenye kileo, hasa bia inayonywewa na watu walioketi pamoja. Limekatwa kutoka beverage, ambalo Kiingereza kililichota katika Kifaransa cha kale na ambalo hadi leo huchukua chai na maji ya matunda pia. Lilipokatwa, vinywaji hivyo vyote vikabaki nje. Aliyealikwa bevvy hatarajii chai.

Neno huhesabika: bevvy mbili tatu baada ya kazi si habari. Aliyezidisha huitwa bevvied. Kitenzi chake kilivuma mwaka 1971, viwanda vya meli vya mto Clyde, unaopita Glasgow, vilipokaribia kufungwa na wafanyakazi wakaamua kuendelea kuunda meli badala ya kugoma. Jimmy Reid, mmoja wa viongozi wao, aliwapa wenzake masharti, na mojawapo lilikuwa kutofanya bevvy, kwa kuwa ulimwengu ulikuwa ukiwatazama. Hapo mfasiri hujikwaa. Akiandika “kulewa”, katazo linalegea, maana Reid alikataza kikao chenyewe, hata cha asiyelewa. “Kupiga mtungi”, kama wasemavyo vijana wa Tanzania, kunakaribia zaidi: ndani yake mna watu, meza na saa zinazoyoyoma.

Kwa nomino kazi ni nyepesi, kwani Kiswahili kimepita njia ileile. “Kinywaji” ni chochote kinywewacho, lakini swali “Unatumia kinywaji?” haliulizii soda, na anayesemwa “hanywi” maji anakunywa. “Pombe” ni sahihi ila ina sauti ya mahubiri na ya mahakama. “Kilaji” kina utani wa bevvy, ingawa kwa umbo kinaelekea zaidi kwenye kula. Kinywaji basi ndicho kifaacho.

Waskoti wana pia swally, kutoka kitenzi cha kumeza, na “funda” linalitosha. Kigumu zaidi kiko kaskazini mashariki ya Uingereza, ambako bia ya Newcastle Brown Ale huitwa mbwa. Jina hilo limetokana na udhuru wa zamani wa anayetoka nyumbani bila kutaka maswali: anakwenda kumwona mtu kuhusu mbwa. Udhuru huo ukifasiriwa neno kwa neno, msomaji ataanza kumtafuta mbwa. “Natoka kidogo” linafaa zaidi, kwani nalo halitaji aendako.