Nozeli za Bwaise

Barabara ya Bombo hutoka Wandegeya, mjini Kampala, hupita Makerere Kavule, kisha huteremka bondeni Bwaise kabla ya kuendelea Kawempe, Matugga na Bombo, na mbele kabisa Luweero na Gulu. Ni njia ya malori na mabasi ya kaskazini na ya askari waendao kambini Bombo, na Kiswahili husikika huku sambamba na Kiganda. Gereji za huku hupokea magari ya kila namna, lakini kuna kundi moja lenye historia ya pekee: Subaru Impreza WRX, Toyota Celica GT-Four na Mitsubishi Lancer Evolution za miaka ya 1990, magari ya kasi yaliyozeekea mikononi mwa watu wanaoyapenda. Malalamiko ya wenye magari hayo hufanana. Asubuhi injini inawaka kwa shida, ikiwaka inamisi, ikipata moto inatulia kidogo, lakini ukikanyaga mafuta mlimani nguvu hakuna. Plagi ni mpya na koili zimeshabadilishwa. Zimebaki nozeli, zile vali ndogo za umeme zinazopulizia petroli kwenye injini, ambazo hazijaguswa tangu gari litoke kiwandani Japani miaka 25 au 30 iliyopita.

Kabla ya nozeli ilitawala kabureta, na Afrika Mashariki ilikuwa mahali pagumu kwa kabureta. Chombo hicho hakina pampu ya kusukuma petroli ndani ya injini. Hewa inayonyonywa ndiyo inayoivuta petroli kupitia tundu dogo lenye kipimo kisichobadilika. Fundi wa Mombasa akiliweka tundu hilo sawasawa kwa hewa nzito ya pwani, gari likipanda Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa imeshapungua uzito na petroli inazidi. Likifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700, linatoa moshi mweusi. Halafu linashuka hadi Kampala, karibu mita 1,200, na mambo yanabadilika tena. Juu ya hayo, petroli ndani ya kabureta hukaa kwenye kibakuli chenye boya. Barabara ya mashimo ikilitikisa gari, boya nalo linarukaruka, na injini inakohoa.

Shida hizo zilionekana wazi kwenye mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ambayo baadaye yaliitwa East African Safari na yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 walishinda Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania, na mwaka 1967 wakarudia. Gari lao lilikuwa Peugeot 404 yenye pampu ya kusukuma petroli kwa nguvu hadi kwenye kila silinda, badala ya kabureta. Mwaka 1968 mvua iliharibu njia kiasi kwamba magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza, na aliyeongoza alikuwa Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, tena kwa Peugeot 404 ya aina hiyohiyo. Ushindi ule ulitokana na mambo mengi, na ubora wa madereva ulikuwa wa kwanza. Hata hivyo, kwa mtu wa injini, naona miaka ile mitatu ndiyo iliyoonyesha kwa mara ya kwanza kwenye udongo wetu kwamba petroli inayosukumwa inavumilia barabara hizi kuliko petroli inayonyonywa.

Pampu ya Peugeot ilikuwa ya chuma na gia tupu. Kuiongoza petroli kwa umeme kulianzia kwingine. Kampuni ya Bendix ya Marekani ilijaribu mwaka 1957, lakini vifaa vya umeme vya wakati ule havikuweza kuhimili joto na mtikisiko. Bosch wa Ujerumani wakalichukua wazo hilo, wakaliunda upya, na mwaka 1967 likaanza kuuzwa kwenye Volkswagen 1600. Msukumo ulitoka kwenye sheria za Marekani, hasa California, zilizotaka moshi wa magari upungue. Wajapani nao walibanwa na sheria kali za moshi nyumbani kwao katika miaka ya 1970, wakaendeleza mfumo huo kwa kasi, mpaka kufikia mwisho wa miaka ya 1980 magari mengi ya kawaida ya Kijapani yalikuwa na nozeli nne na kontroli boksi ya kuziongoza.

Uganda haikuona mabadiliko hayo yakitokea. Mnamo Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, na pamoja nao yakaondoka maduka mengi ya spea na watu waliojua kuagiza kifaa kwa namba yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vikaingia Kampala Aprili 1979, na miaka ya magendo ikaendelea hadi mapema miaka ya 1980. Fundi aliyekuwa kazini wakati huo alijifunza kuchonga, kulehemu na kukopesha gari moja kiungo cha jingine. Huo ulikuwa ujuzi mkubwa, na sikubaliani na wanaoudharau. Ila ulikuwa ujuzi wa vitu vinavyoonekana kwa macho. Kabureta unaifungua, unaipuliza, unaona uchafu umetoka.

Mlango ulifunguka baada ya 1986, hasa mwaka 1990, biashara ya fedha za kigeni ilipohalalishwa na mtu binafsi akaweza kununua dola bila kujificha. Magari ya mitumba ya Japani yakaanza kumiminika, mengine moja kwa moja, mengine kupitia Dubai. Corolla, Carina, Corona: nyingi zilikuja na herufi EFI nyuma, alama ya mfumo huo wa nozeli, na herufi hizo ziliwatia hofu mafundi wengi. Wapo walioamua kuung'oa mfumo mzima na kufunga kabureta. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake, kwani hapakuwa na kitabu wala mashine ya kupima, na mteja alitaka gari lake jioni. Lakini gari lililofanyiwa hivyo lilirudi kulekule kwenye moshi wa Timboroa.

Waliokataa kung'oa walifundishwa kwa sehemu kubwa na michezo. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Subaru Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa Subaru vilevile. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1999, Mganda Charles Muhangi akawa bingwa wa Afrika wa mbio za magari. Mwaka 2011 Susan Muwonge akatwaa ubingwa wa taifa wa Uganda, mwanamke wa kwanza kuupata. Watu waliojaa kando ya njia kutazama mashindano ya magari ya Pearl of Africa nchini Uganda walirudi mjini wakiyataka magari yale. Injini za mtumba, nyingine zikiwa na nozeli zake na kontroli boksi yake, zikapata soko katika maduka ya spea ya Kisekka na Ndeeba. Fundi wa Bwaise akatakiwa kujua jambo ambalo kabureta haikumfundisha, yaani muda.

Hesabu yake ni hii. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inazunguka mara 100 kwa sekunde. Silinda ya mapigo manne hufanya kazi mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo nozeli ina milisekunde 20 tu za kufunguka, kupuliza na kufunga. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma taratibu, nozeli hufunguka kwa milisekunde mbili au tatu hivi. Ndani yake mna koili ya waya, sindano ya chuma, springi na kichujio kidogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho. Umeme ukifika, sindano inanyanyuka kiasi cha unene wa karatasi na petroli inatoka kama ukungu. Betri ikiwa dhaifu sindano inachelewa kunyanyuka, na ule ucheleweshaji mdogo unaipunja injini petroli yake.

Nozeli iliyozeeka haifi ghafla. Utando wa gundi ya petroli hujijenga mdomoni, ukungu unageuka mchirizi. Kichujio kinaziba nusu. Springi inalegea na petroli inadondoka wakati ambapo nozeli inapaswa kuwa imefungwa. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huongeza masizi hayo, na uchanganyaji umekuwa tatizo la muda mrefu Uganda, hata serikali ikaanzisha utaratibu wa kuyatia mafuta alama ya siri ili wakaguzi wawabaini wanaochakachua. Nyakati za uhaba ndizo mbaya zaidi. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipokata njia ya kutoka Mombasa, na Januari 2022, malori yalipokwama Malaba na Busia kwa sababu ya mvutano kuhusu vipimo vya Uviko, watu walinunua chochote kilichouzwa kwenye jerikeni.

Sasa tufike kwenye meza ya kupimia. Nozeli nne zimefungwa juu, kila moja juu ya bomba lake la kioo lenye alama za mililita. Kabla ya hapo zimelala kwenye beseni la maji ya dawa linalotetemeshwa kwa mawimbi ya sauti. Mashine inawashwa kwa sekunde 30, shinikizo likiwa karibu baa 3. Mteja anainama kutazama pamoja na fundi. Tuseme bomba la kwanza limefika mililita 190, la pili 188, la tatu 191, la nne 165. Ugonjwa wa gari zima uko kwenye ile 165.

Wenye magari wengi huja wakitaka nozeli kubwa, wakidhani ukubwa ndio nguvu. Mimi naamini usawa wa nne hizo ndio jambo la kwanza, na historia ya injini za Subaru zilizokufa mjini Kampala iko upande wangu. Kontroli boksi ya zamani husoma moshi wa silinda zote kwa kipimo kimoja kilichofungwa pale mabomba ya moshi yanapokutana. Inaona wastani tu. Silinda tatu zikipata petroli ya kutosha na moja ikapungukiwa, wastani unaonekana wa kuridhisha, huku silinda ile moja ikiungua kwa joto kali. Katika injini yenye tabo, joto hilo huleta mlipuko usiotakiwa kabla ya wakati, na mlipuko huo huvunja pistoni pale ringi zinapokaa. Hapo mazungumzo ya kuongeza nguvu yamekwisha, na mwenye gari anatafuta injini nyingine Ndeeba.

Baada ya usawa ndipo ukubwa unapozungumzwa. Kuna njia ya mkato, kuongeza shinikizo la petroli: ukilitoa baa 3 hadi 4, petroli inaongezeka kwa karibu asilimia 15, kwa kuwa mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo. Njia hiyo huichosha pampu kuukuu. Njia ya uhakika ni kufunga seti mpya, na hapo umri wa gari unaleta maswali yake. Impreza za mwanzo hupokea petroli ubavuni mwa nozeli, ilhali nozeli nyingi za kisasa huipokea kichwani, hivyo bomba la kugawia petroli nalo hubidi libadilishwe. Lancer Evolution za zamani hutumia nozeli zenye ukinzani mdogo wa umeme pamoja na kisanduku cha kupunguza umeme unaozifikia. Ukifunga za ukinzani mkubwa, kisanduku kile kiondolewe. Ukifanya kinyume, ukapeleka nozeli za ukinzani mdogo kwenye gari lisilo na kisanduku, unaweza kuunguza kontroli boksi. Kisha programu ya kontroli boksi irekebishwe, maana haijui kwamba mdomo wa nozeli umepanuka. Bila hivyo itafungua kwa muda uleule wa zamani na kuimwagia injini petroli.

Kuna pia ringi za mpira, kitu kidogo ambacho fundi wa haraka hukirudisha kikiwa kikuukuu. Mpira uliokaa juu ya injini ya moto kwa miaka 25 umekuwa mgumu. Petroli inayovuja hapo inadondokea penye joto, na gari linaungua barabarani. Mpira mpya lazima uwe wa kuhimili petroli, upakwe mafuta kidogo ya injini, na nozeli isukumwe polepole bila kuukata mpira huo. Bwaise inaongeza kazi nyingine. Mvua kubwa ikinyesha, mifereji ya Nsooba na Lubigi hujaa na maji huingia mitaani. Gari lililolowa hapo hupata kutu ya kijani kwenye soketi za nozeli, na soketi hiyo isiposafishwa, hata nozeli mpya itamisi.

Mwaka 2018 Uganda ilirekebisha sheria ya usalama barabarani na kuzuia kuingizwa kwa magari yaliyopitisha miaka 15 tangu yatengenezwe. Kwa Impreza ya 1996 maana yake ni moja: zilizomo nchini ndizo hizo, nyingine haziji. Bei ya gari zima lililotunzwa ikapanda machoni pa wenyewe, na seti ya nozeli iliyopimwa vizuri ikawa kitu cha kutunziwa karatasi yake ya vipimo, ambayo mnunuzi wa gari huiulizia.

Sheria hiyohiyo inaleta kizazi kingine. Baadhi ya magari yasiyozidi umri huo, zikiwemo baadhi ya Subaru zenye tabo, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo la zaidi ya baa 100. Meza ya baa 3 yenye mabomba manne ya kioo haiwezi kuzipima nozeli hizo. Fundi anayetaka kuzipokea anahitaji mashine nyingine, pampu nyingine na mafunzo mengine, na gharama yake ni kubwa kwa gereji ya mtu mmoja. Kwa sasa WRX za zamani ndizo zinazolipa kodi ya gereji, na kwa faida inayotokana nazo baadhi ya mafundi wameanza kujiwekea akiba ya kununulia mashine hiyo.