Kiatu cha Kuvulia Mlangoni

Kijana wa huku kwetu Magongo akitaka kiatu haulizi kipi ni kizuri. Anauliza kipi kitamtosha. Yaani jozi moja, ya bei ya mfuko wake, itakayokwenda kazini, msikitini au kanisani, harusini Jomvu Jumamosi, halafu Jumatatu asubuhi ipande matatu bila aibu. Ni swali la pesa, ndiyo. Lakini ni swali la historia pia, kwa sababu katika pwani hii kiatu cha mwanamume hakikuwa kitu cha kununua tu. Kwa muda mrefu kilikuwa kitu cha kuruhusiwa.

Tuanze mbali kidogo. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, alipita Mombasa mwaka 1331. Aliyoyaandika kuhusu mji huu ni machache: ndizi na samaki, nafaka inayoletwa kutoka kwingine, misikiti ya mbao iliyojengwa imara. Lakini aliitazama miguu ya watu. Anaeleza kwamba kwenye milango ya misikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, na kila aingiaye alichota maji akanawa miguu kwanza, kwa kuwa watu wa hapa walitembea pekupeku. Kabla ya kufika kwetu alikuwa Mogadishu, na huko aliona jambo jingine. Baada ya swala ya Ijumaa sultani alivaa viatu vyake, akamwamuru kadhi avae, akamwamuru na mgeni avae, wakaenda kwa miguu hadi jumba la sultani. Watu wengine wote waliofuatana nao walikwenda miguu mitupu.

Ukiziweka habari hizo mbili pamoja unapata karibu kila kitu kitakachokuja baadaye. Kiatu cha pwani ni kiatu cha kuvuliwa, kwa sababu maisha yote yako nyuma ya kizingiti cha mtu: msikiti, chuo cha Kurani, sebule ya jirani, chumba cha mgonjwa. Na kiatu cha pwani ni cheo.

Viatu vya zamani vinajieleza vyenyewe. Mtalawanda ni ubao wenye msuruaki, kile kijiti cha kubana kwa kidole gumba na cha pili. Unaukanyaga ukiwa na miguu iliyolowa, unautoka bila kuinama. Makubadhi ni ngozi, soli bapa na mikanda ya kupitisha mguu, mengine yamedariziwa kwa nyuzi hadi ukaona uchungu kuyakanyaga. Vyote viwili havina kamba ya kufunga. Aliyevibuni alijua mtu atavivua mara kumi kwa siku.

Sasa nani alivivaa? Hapa ndipo hadithi inapokuwa chungu. Kwa desturi ya miji ya Waswahili, Unguja, Lamu na Mombasa, mtumwa hakuvaa viatu, wala hakufunika kichwa. Ukimwona mtu njiani, miguu na kichwa chake vilikuambia yeye ni nani kabla hajafungua mdomo. Haikuhitaji karatasi wala alama ya moto. Mtu aliamka, akatoka, akakanyaga mchanga wa saa saba mchana kwa nyayo zake, na kila jicho likasoma.

Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa 1873 kati ya Uingereza na Sultan Barghash, na miaka michache baadaye wamisionari wa CMS wakaanzisha Frere Town kule Kisauni kwa ajili ya walioachwa huru. Lakini utumwa wenyewe ulibaki. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897. Kwenye ukanda wa pwani ya Kenya, Mombasa ikiwemo, mpaka 1907. Jambo moja walilolifanya walioachiliwa, na wanahistoria wa Unguja wameliandika vizuri, ni kuvaa. Kanzu, kofia, kanga kwa wanawake, na viatu. Watu wakubwa walinung'unika kwamba siku hizi humjui nani ni nani. Naam, hilo ndilo lililotakiwa.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi kuna mtindo wa kuwacheka vijana ati wanapoteza pesa kwa viatu. Mwaka 1907 si zamani za kale. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo angeweza kumpakata kijukuu ambaye leo ni mzee anayepunga upepo barazani. Familia inayomwambia mtoto asitoke nje bila viatu, hata kama ni kwenda dukani tu kununua sukari, huenda haisemi habari za minyoo peke yake.

Kuna neno linalonikaa kichwani kila nikipita sokoni: mtumba. Leo ni nguo na viatu vilivyokwishavaliwa Ulaya na Marekani. Zamani mtumba ulikuwa furushi la bidhaa, mara nyingi nguo, lililofungwa kwa kipimo cha mzigo wa mpagazi mmoja. Misafara iliondoka pwani na mamia ya watu kama hao, mtumba begani au kichwani, nyayo zikiwa zimekauka kama magome. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, wapagazi hawakuisha. Walihamia kazi nyingine. Vita Vikuu vya Kwanza viliwarudisha kwa maelfu katika Carrier Corps, hilo jina lililogeuka Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Wengi walitembea pekupeku, na hata askari wengi wa King's African Rifles walipigana vita hivyo bila buti. Ajabu yake ni kwamba Kariokor ya Nairobi leo ni soko linalojulikana kwa ndara za ngozi. Sijui kama kuna mtu aliyepanga hivyo. Historia hucheka yenyewe.

Kiatu cha bei ya mfanyakazi kilifika kwa meli, kama mambo mengi ya kwetu. Miaka ya 1930 zilikuja raba za turubai kutoka Japani. Mikataba ya bonde la Kongo iliwazuia Waingereza kuweka ushuru wa kupendelea bidhaa zao katika Afrika Mashariki, basi raba ya Kijapani ikauzwa kwa bei ambayo kiwanda cha Uingereza hakingeiweza. Halafu Bata. Kampuni ya Tomáš Baťa ilianzia mji wa Zlín, wakati huo chini ya Austria-Hungary, mwaka 1894, na kufikia 1939, mwaka ambao Wajerumani waliingia Prague, ilikuwa imeanza kazi Kenya, kule Limuru. Vita vya pili vikakata meli za Japani. Kiwanda cha Limuru kikabaki na nchi nzima ya miguu.

Bata ilitupa viatu vinavyojulikana hadi kwa majina: patapata za mpira, na ile buti fupi ya suede iitwayo Safari. Hiyo Safari ni kiatu kizuri kwelikweli, nasema bila kulipwa na mtu. Haihitaji kiwi, inaficha vumbi, inakwenda na suruali yoyote. Lakini ni kiatu cha bara. Ukivaa Safari Magongo mwezi wa pili, kwenye joto hili, saa nane mchana utaijua miguu yako kwa harufu. Halafu ina kamba. Hebu simama mlangoni pa msikiti, adhana imekwisha, nyuma yako kuna watu thelathini, wewe umeinama unafungua fundo.

Tuje nyumbani sasa. Magongo imekaa kwenye njia. Chini kuna Kilindini na Port Reitz, juu kuna uwanja wa ndege, na kwa miongo mitano moshi wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi 1963, ulikuwa sehemu ya mandhari yetu, mpaka kikaacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Yadi za makontena zimetuzunguka. Trela hazilali. Na palipo na trela pana tairi kuukuu, na palipo na tairi kuukuu atatokea mtu na kisu.

Huyo ndiye baba wa akala. Fundi huchukua tairi, hulipasua, huchora mguu wako kwa chaki kama ukitaka cha kipimo chako, hukata soli, kisha mikanda hukatwa kwenye mpira mwembamba na kupigiliwa misumari midogo pembeni. Mpindo wa tairi humfaa mtembeaji: mbele na nyuma huinuka kidogo. Ukiuliza kwa nini siku hizi akala nzuri ni chache, mafundi watakuambia ni waya. Tairi za kisasa zina nyavu za chuma ndani, na chuma hula kisu na hutokeza kuchoma nyayo. Wanazitaka zile za nailoni. "Mzee, hii ya waya ni hasara," fundi mmoja aliniambia akinionyesha kisu kilichokwisha makali. "Nailoni ndiyo kiatu. Hii ni uzio."

Kwa bei na kwa umri, hakuna kiatu cha kuishinda akala. Itakanyaga matope ya Magongo mwezi wa tano, mafuta ya gereji, vigae vya chupa. Tatizo lake ni macho ya watu. Tumeiita kiatu cha mlinzi, kiatu cha mchunga ng'ombe, na kijana wetu yuko radhi avae raba ya bandia iliyopasuka kuliko aonekane na akala akishuka stejini. Simlaumu sana. Ile jicho lililosoma miguu mwaka 1900 bado linasoma.

Basi wengi huenda kwenye mitumba. Viatu vilivyotumika vilianza kumiminika nchini biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mlango wake ni bandari yetu. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuviondoa sokoni hatua kwa hatua kufikia 2019, ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia nafasi za AGOA, Kenya ikarudi nyuma. Rwanda iliyokaza shingo ikasimamishiwa nafuu ya nguo zake mwaka 2018. Machi 2020 Kenya ilizuia mitumba kwa sababu ya korona, ikaifungulia tena Agosti. Miezi ile Kongowea ilionyesha ni watu wangapi wanakula kwa kufungua robota.

Sokoni vijana wanapenda kile kiatu cha kutumbukiza mguu tu, kisicho na kamba, wanachokiita lofa. Nacheka, kwa sababu Kiswahili kilikwisha kulichukua neno hilo hilo la Kiingereza zamani kwa maana ya mtu asiye na kazi wala senti. Lakini chaguo lao si la kijinga. Lofa linavaliwa na suruali ya kitambaa na jinzi, na hata kanzu halikatai. Linavuliwa bila mikono. Ni jamaa wa makubadhi aliyetokea ng'ambo.

Anayelitaka la mtumba aangalie soli kabla ya rangi. Soli nyingi za kisasa ni povu la poliyurethani, na povu hilo huzeeka likiwa limelala ndani ya kontena. Unyevu hulila kutoka ndani. Kiatu kinang'aa, unakivaa wiki mbili, halafu siku moja soli inamenyeka kama muhogo uliooza. Bonyeza kwa ukucha. Ikiacha alama isiyorudi, au ikitoa unga, mrudishie mwenyewe. Kunja kiatu katikati uone kama gundi inaachia. Tafuta uzi ulioshonwa kuzunguka, maana kilichoshonwa fundi wa hapa atakishona tena, lakini kilichobandikwa tu atakibandika nawe utarudi kwake kila mwezi.

Mimi, mtu akinibana sana, namwelekeza kwingine. Kuna mafundi wanaokata soli ya tairi, ile ile ya akala, kisha juu wakaweka ngozi ya ng'ombe: mkanda mpana, au mikanda miwili iliyopishana, imeshonwa kwa uzi mnene na kupakwa mafuta. Ukiitazama kwa juu ni makubadhi, hata kwenye harusi hakuna atakayegeuka. Ukiigeuza ni trela. Haipungui thamani kwa jasho, haiogopi maji ya udhu, na ngozi ikishaujua mguu haichubui. Bei yake ni ya juu kidogo kuliko lofa la mtumba la kawaida, na wengi huishia hapo hapo kwenye bei. Lakini gidamu ikikatika unampelekea fundi asubuhi, unasimama kwa mguu mmoja umeegemea meza yake, na kabla chai haijapoa umeshavaa.