Motokaa za Kale na Udongo wa Usukuma

Mtoto wa Usukuma aliyetamani motokaa katika zama za wazazi wake hakuingoja itoke dukani. Aliokota waya akaukunja ukawa bodi, akakata malapa yaliyochakaa yakawa magurudumu, akafunga fimbo ndefu ikawa usukani, kisha akakimbia nyuma ya chombo chake huku injini ikinguruma kinywani mwake mwenyewe. Ngurumo ya lori la pamba haikuwa sawa na ngurumo ya Landrova, na wenziwe walimcheka alipozichanganya. Alijua pia kwamba gurudumu halipiti kila mahali kwa namna moja. Penye mchanga lilizama, penye ardhi kavu lilirukaruka, na penye matope lilibeba mzigo wa udongo hata fimbo ikapinda. Elimu ya kuiga udereva, basi, ilikwisha kuanza Bariadi miaka mingi kabla ya televisheni kufika huko.

Mjukuu wake ameketi mbele ya kioo. Katika miji ya Kanda ya Ziwa vimejengwa vibanda ambamo vijana hulipa fedha kidogo wakacheza kwa zamu, na mtambo uliovijaza kwa muda mrefu ni PlayStation 2, uliotoka Japani mwaka 2000 na ukauzwa duniani zaidi ya milioni 150. Kandanda ndiyo yenye wateja wengi, wala si ajabu. Lakini yuko daima mmoja anayeomba mbio za motokaa. Mtambo huo ulipewa mwishoni mwa 2004 mchezo uitwao Gran Turismo 4, wenye motokaa zaidi ya 700. Miongoni mwake ni gari la Daimler la mwaka 1886, Mercedes 300 SL ya 1954, na Nissan 240ZG ya 1971. Kijana ambaye babu yake hakupata kupanda gari jingine ila lori la chama cha ushirika aweza kuchagua chombo ambacho matajiri wa Ulaya hukifungia ndani ya nyumba na kukifunika kwa shuka.

Michezo hii haikuzaliwa na ukweli ulio nao sasa. Gran Trak 10 ya kampuni ya Atari, iliyotolewa 1974, ilikuwa nukta za mwanga zikizunguka kwenye kioo cheusi. Mwaka 1998 ulitoka Grand Prix Legends, ulioirudisha duniani misimu ya mbio za mwaka 1967, na ugumu wake ukawashinda wengi: mwanafunzi alikanyaga mafuta, gari likazunguka kama pia, na kona ya kwanza hakuiona. Sababu ya ugumu huo ndiyo sifa yake. Mtambo hukokotoa mara nyingi katika kila sekunde uzito unaohama kutoka gurudumu hadi gurudumu, springi inayokunjika, na kiasi ambacho kila tairi limeshika ardhi au limeiachia. Hesabu ikiwa sahihi, motokaa ya kale huonyesha tabia zake za kale, pamoja na ubaya wake. Hiyo ni kazi ya historia, hata kama walioifanya hawakujiita wanahistoria.

Hapa ndipo Afrika Mashariki ina haki ya kuuliza habari zake, kwa maana motokaa kadhaa za kale zilipata jina lao katika matope yake. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalifanywa wakati wa Pasaka, majira ya mvua, na mvua hizo ndizo zilizokuwa mwamuzi mkuu. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikamaliza 7. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikamaliza 7 vilevile, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404. Joginder Singh, fundi wa Kenya, alishinda 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo kuukuu iliyokwisha kutumiwa na wengine. Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland na mkazi wa Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967, naye alikuwa amejifunza njia zake katika ardhi ya Tanzania. Mwaka 1971 Datsun 240Z ilichukua nafasi ya kwanza na ya pili; chombo kilichoshinda kimehifadhiwa Japani katika nyumba ya makumbusho ya watengenezaji wake. Dereva wa ile ya pili, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwenyewe 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979. Lakini kufikia hapo mashindano yalikuwa ya Kenya peke yake, na neno Afrika Mashariki lilikuwa limekwisha kuondolewa katika jina lake.

Mitambo ya kuiga imeihifadhi sehemu gani ya habari hizo? Mchezo wa DiRT Rally wa mwaka 2015 ulikuwa na Mini Cooper S na Lancia Fulvia zilizofanyiwa kazi kwa uangalifu, pamoja na barabara za rali za nchi 6, zote za Ulaya. Kenya iliwahi kuingizwa katika Colin McRae Rally 2.0 mwaka 2000. Iliingizwa tena katika WRC 9 mwezi Septemba 2020, kwa sababu Safari ilikuwa irejee mwaka huo katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002. Maradhi ya korona yakaiahirisha hadi Juni 2021. Kwa hiyo wachezaji wa mbali walikwisha kushindana miezi mingi katika vumbi la Naivasha kabla ya dereva halisi kulirudia. Tanzania haimo katika yote yaliyotajwa.

Pengo hilo si la fahari ya taifa tu. Katika mchezo, barabara huandikwa kwa maneno machache: lami, changarawe, matope, theluji. Wasukuma waliigawanya ardhi yao kwa lugha iliyo makini zaidi. Luseni ni mchanga mwepesi wa miinuko. Itogolo huanza chini yake katika mteremko. Ibambasi ni ile ngumu isiyopitisha maji. Ibushi ina chokaa. Na mbuga, ambayo kwao si uwanda wa wanyama, ni udongo mweusi mzito wa bondeni. Majina hayo hufuatana kutoka kilimani kushuka chini kwa utaratibu ule ule ambao Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, aliupa jina la mnyororo mwaka 1935. Mkulima aliujua mnyororo huo kwa jembe, na dereva wa lori la pamba akaujua kwa gurudumu. Katika luseni baada ya mvua alikwenda kwa moyo mweupe. Katika ibambasi aliteleza juu kama juu ya sabuni. Katika mbuga alisimama. Hakuna programu iliyopewa hesabu ya mbuga, ijapokuwa hesabu yenyewe ingewezekana, kwa kuwa udongo huo hupimwa na wanasayansi kila siku kwa ajili ya kilimo.

Kimepungua pia kitu kisichopimika. Motokaa ikitoka njiani katika mchezo, mchezaji hubonyeza kitufe, nayo hurejeshwa barabarani kwa adhabu ya sekunde kadhaa. Katika Safari kitufe hicho kilikuwa watu. Wanakijiji waliotoka mashambani kutazama ndio waliokata matawi, wakachimba, wakainama nyuma ya gari na kusukuma hata likatoka, nao wakabaki wamepakwa matope mwili mzima, pengine na shilingi mkononi, pengine na shukrani tu. Orodha za washindi zimetunza jina la dereva, la msaidizi wake na la kiwanda. Majina ya waliosukuma hayakuandikwa popote, na mchoraji wa mchezo akitafuta habari zao hatazipata katika karatasi. Anapowachora, huwachora wakipunga mikono kando ya njia.

Mkoa wa Simiyu ulitangazwa 2012, Bariadi ikawa makao yake makuu, na katika muongo huo lami ikafika mjini kutoka Lamadi. Njia za kwenda minadani na kwenye vituo vya pamba bado ni za udongo kwa sehemu kubwa. Karibu na Pasaka, pamba ikiwa ingali shambani, lori lililojaribu kukatiza mbuga huonekana limelala upande, na vijana wanalizunguka wakibishana: tawi la mgunga liwekwe chini ya gurudumu lipi kwanza, na nani akae kwenye usukani.