Nyasi Yetu Ugenini

Ndugu msikilizaji, juma hili nimechuma bua la nyasi kando ya barabara niendayo kazini, nikaja nalo studioni. Ni nyasi ndefu, huota kwa mafungu na huweza kumpita mtu kimo. Utotoni niliikata kulisha ng'ombe bila kuuliza jina lake. Inaitwa nyasi ya Ginea.

Kuitambua hakuhitaji shahada. Suke lake limetawanyika mfano wa mti mdogo, na matawi yake ya chini kabisa hutoka mahali pamoja, yakalizunguka bua. Ukiipasua mbegu, ganda la ndani lina makunyanzi yaliyokatiza. Hiyo ndiyo alama yake. Jina la kitaalamu limebadilika: mwaka 1781 Jacquin aliiita Panicum maximum, na tangu 2003 wengi huiita Megathyrsus maximus. Nyasi ni ile ile.

Asili yake ni Afrika. Mwanahistoria Bryan Edwards, katika kitabu chake cha mwaka 1793, alisimulia kwamba mbegu zake zilifika Jamaika zikiwa chakula cha ndege waliotoka pwani ya Afrika Magharibi. Ndege wakafa, mbegu zikatupwa, zikaota, na ng'ombe wakaipenda. Bahari hiyo hiyo ndiyo waliyovushwa watu wetu kwa minyororo.

Wafugaji waliisambaza nchi nyingi za joto, hadi visiwa vya Hawaii. Huko Lahaina, kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1999, na mashamba mengi ya miwa ya kisiwa hicho yakaachwa, yakamezwa na nyasi za kigeni, hii ikiwamo. Tarehe 8 Agosti 2023, nyaya za umeme zilizoanguka ziliwasha majani makavu. Upepo mkali ukafanya yaliyobaki. Mji ukateketea, watu zaidi ya 100 wakafa.

Je, tuilaumu nyasi? Mimi siilaumu. Hapa kwetu ina ng'ombe na wanyama wa porini wa kuipunguza. Kule ilipelekwa kwa faida, na faida ilipokwisha wenye mashamba wakaondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu aliachiwa shamba zima, na hakubaki mtu wa kushika jembe.

Basi, kabla hatujaleta mbegu ya kigeni tuliyosifiwa, tuulize: siku mwenye shamba akiondoka, nani atailima?

Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.