Njia ndefu ya Elisi hadi Nyantakara

Tangu Unesco ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, kila inapofika siku hiyo viongozi hupanda jukwaani kukisifu Kiswahili: lugha ya biashara, ya diplomasia, ya ukombozi. Sifa hizo inazistahili. Lakini ni nadra kumsikia hata mmoja akiisifu kwa kumchekesha mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyelala kifudifudi na kitabu chake, akawa haitikii akiitwa kwenda kuchota maji.

Kazi hiyo nayo Kiswahili kimeifanya, na ina historia yake.

Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Wengi humkumbuka Johnson kwa kamusi zilizotoka 1939. Wachache hukumbuka kwamba ndiye pia aliyewapa watoto wa shule maharamia na mapango ya almasi, kwa kufasiri Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vilivyotoka 1929. Vilikuwa vitabu vya kusisimua, ingawa cha pili shujaa wake ni mwindaji Mzungu na Waafrika wengi ni wa kumshangaa.

Ndipo akaja Elisi.

Mwaka 1940, vita vikiwa vimeshawaka Ulaya, kilichapishwa London kitabu kiitwacho Elisi katika Nchi ya Ajabu. Mfasiri wake alikuwa mwanamke wa Kiingereza, E. V. St Lo Conan-Davies, na kitabu chenyewe ni kile alichokiandika Lewis Carroll mwaka 1865: msichana anamfuata sungura shimoni, anaanguka chini kwa chini, na huko anakuta dunia ambayo kila kitu kimepinduka. Anakunywa dawa anakuwa mdogo mno, anakula keki anarefuka hadi darini. Conan-Davies hakutaka kuwaletea watoto wa Unguja na Tanganyika mtoto wa Kizungu wa kumtazama kwa mbali. Elisi wake amechorwa mtoto wa Kiafrika. Ida Hadjivayanis, Mtanzania anayefundisha Kiswahili katika chuo cha SOAS, London, aliyeichunguza kazi hiyo kwa kina kuliko wengi, anauona humo uamuzi wa makusudi: kumhamisha shujaa hadi nyumbani kwa msomaji.

Uamuzi huo una uzito wake. Mtoto wa wakati ule alizoea kuona sura za watu wa mbali ndani ya vitabu vyake vya shule. Hapa alikutana na mtoto wa kufanana naye akizurura katika nchi ya maajabu, akibishana na wakubwa, wala hatandikwi.

Hata hivyo, kuhama si kazi nyepesi. Mchukulie sungura mwenyewe. Kwa mtoto aliyekulia kwenye hadithi za jioni, Sungura ni mjanja anayemwangusha Fisi na kumzunguka Simba. Huyu wa Carroll ni mtumishi mwenye hofu, saa mkononi, anakimbia kwa kuwa amechelewa na mkubwa wake atamgombeza. Msomaji wa Kiswahili anacheka mara mbili: mara ya kwanza kwa kisa, mara ya pili kwa kumwona Sungura, yule yule tapeli wa porini, akitetemeka.

Kuna pia utani wa maneno. Katika Kiingereza, Panya anasema ana kisa kirefu, msichana akadhani anasema ana mkia mrefu, kwa sababu maneno hayo mawili yanatamkwa sawasawa. Kwa Kiswahili kisa na mkia havikaribiani hata kidogo. Mfasiri ana njia mbili tu, kuufuta utani au kutunga wake. Na wa kutunga upo tele: kaa la moto, kaa wa baharini na kaa kitako, paa wa porini, paa la nyumba na kupaa angani. Yule malkia mkali anayeamuru vichwa vikatwe naye hapati taabu ya kueleweka, maana kila mcheza karata wa baraza za Unguja anamjua malkia wa kopa.

Elisi alipotimiza miaka 75 kwa Kiswahili, na kitabu cha Carroll 150, Hadjivayanis alikifasiri upya: Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, kilichotolewa na Evertype mwaka 2015. Elisi amekuwa Alisi, na safari hii kalamu imeshikwa na mwenye lugha. Ni huyo huyo aliyekuja kufasiri riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa jina la Peponi, mwaka 2022.

Katikati ya Elisi na Alisi alisimama Shaaban Robert. Kitabu chake Adili na Nduguze, cha 1952, ni mzawa wa Elfu Lela Ulela: liwali anayewachapa viboko kila usiku nduguze wawili, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa wanyama. Katika kisa cha zamani ni mbwa, kwa Shaaban ni manyani. Wapo waliomlaumu kwa kuazima. Lawama hiyo haina nguvu: Hasidi na Mwivu ni majina ambayo Mswahili akiyasikia tu anajua safari imeharibika, na kuazima kwa namna hiyo ni kuumba.

Sasa tuelekee magharibi mwa Tanzania, tuone watu wa vijijini walipewa kusoma nini. Nyantakara ni kata ya wilaya ya Biharamulo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Dar es Salaam, na wilaya hiyo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Ziwa Magharibi kabla mkoa haujaitwa Kagera mwaka 1979. Kati ya 1968 na 1972 mikoa ya Ziwa ilikuwa uwanja wa majaribio wa Unesco na Serikali katika kufuta ujinga. Watu wazima walisoma vitabu vya pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji. Mwaka 1974 kanda hiyo ikapata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, na mamia kwa maelfu walijua kusoma.

Ila kilichosomwa kilikuwa cha kulima, kuvua na kunawa mikono. Baadaye kikawa cha kujibia mtihani. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 ulipeleka hadithi shuleni, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere imekuwa ikiwazawadia waandishi tangu 2023. Ni hatua, lakini riwaya ya maajabu ya kumfurahisha kijana bado inahesabiwa kuwa upuuzi mbele ya kitabu cha kiada.

Watakaopanda jukwaani Julai 7 ijayo waje na kitu mkononi. Waje na Alisi, waje na Adili, wawakabidhi walimu wa kata kama Nyantakara, na wawaombe jambo moja: watoto wavisome bila kuulizwa maswali mwishoni.