Kutotenda si Unyonge: Kabla ya Kusoma Hadithi ya Ged

Kila ninapowaandaa wanafunzi kusoma A Wizard of Earthsea, riwaya ya vijana aliyoitoa Ursula K. Le Guin mwaka 1968, huanzia mbali, katika China ya kale. Mwandishi huyo Mmarekani aliijua Daodejing tangu utotoni kupitia nakala ya baba yake, na mwaka 1997 akachapisha tafsiri yake mwenyewe kwa Kiingereza. Asiyeujua msingi huo huona uchawi mtupu.

Daodejing ni kitabu kifupi cha sura 81, chenye herufi za Kichina zipatazo 5,000. Mapokeo yanasema mtunzi wake ni Laozi, mtunza nyaraka wa ufalme wa Zhou. Mwaka 1993, katika kaburi moja huko Guodian, mkoani Hubei, vilifukuliwa vipande vya mianzi vyenye sehemu za maandiko hayo, vya takriban mwaka 300 kabla ya Kristo. Zama hizo falme zilikuwa zikimezana kwa vita.

Dao huifasiri 'njia', na fasiri hiyo hainitatizi. Linalonitatiza ni neno wu wei. Zamani nililifasiri 'kutotenda', hadi mwanafunzi mmoja aliponiuliza: "Mwalimu, ina maana tunyamaze tunapoonewa?"

Swali lile lilinirudisha kitabuni. Nikaona kwamba sura nyingi zinamsemesha mtawala: zinamlaumu kwa kodi nzito, zinamwonya asipende vita wala kujitukuza. Anayetakiwa kujizuia ni mwenye nguvu. Tangu hapo nasema 'kutolazimisha mambo'. Katika Zhuangzi yumo mpishi aliyepasua ng'ombe kwa kisu kimoja miaka 19, makali yasipungue, kwa kuwa alikipitisha penye nafasi kati ya viungo, asishindane na mfupa. Mpishi huyo anatenda, tena kwa ustadi.

Ndipo tunapoifungua riwaya. Ged, kijana mwenye kipaji, anamdharau mwalimu wake Ogion, ambaye anaweza kuizuia mvua lakini anaiacha inyeshe, akajilaza chini ya mti. Baadaye, kwa kushindana na mwenzake, Ged anafanya uchawi mkubwa na kukiachia huru kivuli kinachomwandama.

Hapo huwauliza wanafunzi: katika mvua ile, ni nani aliyekuwa na nguvu zaidi, mwalimu au mwanafunzi? Kengele hulia mjadala ungali moto.